Wasomaji Wauliza: Kaseti za Zamani na Mashine Zinazodai Kucheza Zote

Katika toleo lililopita tulichapisha barua fupi ya msomaji aliyetaka kujua kama zipo mashine za kisasa ziwezazo kucheza michezo ya vidio ya miaka ya themanini na tisini, ya kampuni mbalimbali, kwa kutumia chombo kimoja. Tangu hapo barua zimefululiza kutoka Kisumu, Nakuru, Kakamega, Bungoma na kwingineko, na nyingi zinaonyesha kwamba watu wako karibu kutoa pesa kununua kitu wasichokijua. Kwa sababu hiyo safu yote ya leo ni ya jambo hilo moja, na ninaanza na barua iliyonigusa kuliko nyingine.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kondele, Kisumu. Desemba nilipokwenda nyumbani Siaya kumsaidia mama kupanga stoo, nilikuta katoni yenye kaseti kumi na nne za mchezo wa vidio tuliokuwa tukicheza mimi na marehemu kaka yangu tukiwa wadogo. Mashine yenyewe iliharibika na kutupwa miaka mingi iliyopita. Kaseti nyingi ni za plastiki ya manjano na juu yake pameandikwa idadi kubwa ya michezo. Mbili tu ndizo zenye mchezo mmoja mmoja. Duka moja mjini linauza kijiti cha kuchomeka kwenye runinga, chenye "michezo elfu kumi", kwa shilingi 3,500, na rafiki yangu ananishauri nitafute mtambo uitwao RetroN 5 uliokwisha kutumika, kwa kuwa anasema unapokea kaseti za kila aina. Nataka wanangu wacheze kaseti zile zile tulizozishika sisi. Ninunue kipi?

JIBU: Mwalimu, pole kwa kumpoteza kaka yako, na asante kwa kueleza wazi kwamba unazitaka kaseti zile zile, kwa maana neno hilo ndilo linaloamua jibu langu lote.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, igeuze kaseti mojawapo na uhesabu meno ya shaba yaliyo chini yake. Ukipata 30 upande mmoja na 30 upande wa pili, unayo kaseti ya mfumo wa Famicom, mashine ambayo Nintendo iliitoa Japani mwezi Julai 1983. Ukipata 36 na 36, hiyo ni ya NES, ndugu yake iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1985. Kwa ndani mashine hizo mbili ni karibu kitu kimoja, lakini tundu la moja haliwezi kupokea kaseti ya nyingine bila kipande cha kuunganishia. Kwa jinsi ulivyozieleza zako, za manjano na zenye idadi ya michezo juu, natarajia utahesabu 60, kwa sababu mashine zilizofika kwetu miaka ile zilikuwa nakala za Famicom zilizoundwa Asia na kuuzwa kwa majina chungu nzima. Mimi mwenyewe nilikulia Nakuru nikicheza nakala ya namna hiyo kwa jirani, na sikujua mpaka nilipokuwa mtu mzima kwamba mashine iliyoigwa ilikuwa na jina lake na historia yake.

Sasa, rafiki yako hakukosea kabisa kuhusu RetroN 5, ila ameacha jambo moja ambalo kwako ni kubwa. Mtambo huo, uliotolewa na kampuni ya Hyperkin mwaka 2014, una matundu ya kaseti za mashine za Famicom, NES, Super Nintendo, Mega Drive ya Sega na yale ya familia ya Game Boy, na huipeleka picha kwenye runinga mpya kwa waya wa HDMI. Lakini hauichezi kaseti moja kwa moja. Ndani yake mna kompyuta ndogo inayotumia Android. Ukichomeka kaseti, kompyuta hiyo huyasoma yaliyomo, hujitengenezea nakala, huutambua mchezo, kisha huuendesha kwa programu iigayo mashine ya zamani. Kwa kaseti rasmi yenye mchezo mmoja utaratibu huo hufanya kazi vizuri. Kaseti ya michezo mingi ni habari nyingine, kwa sababu ina sakiti ya ziada inayobadilisha mchezo mmoja kwenda mwingine, na sakiti hizo zilibuniwa na viwanda vingi visivyofuata kanuni moja, kiasi kwamba mtambo usomao na kunakili aghalabu huzikataa au husoma sehemu tu. Kwa hiyo ungelipia mtambo wa gharama, ukazitoa kaseti kumi na nne kwenye katoni, na huenda zikakubali zile mbili peke yake.

Kijiti cha shilingi 3,500 ndicho kilicho mbali kabisa na haja yako, kwa kuwa hakina tundu la kaseti la aina yoyote; michezo yake ni mafaili yaliyonakiliwa kwenye kadi ya kumbukumbu.

Iko pia njia ya tatu, nayo ni mashine zinazojengwa kwa chipu aina ya FPGA, ambazo nitazieleza zaidi nikifika kwenye barua ya Kakamega. Hizi huisoma kaseti papo kwa papo kama mashine ya asili ilivyofanya, na Nt mini ya kampuni ya Analogue, iliyotolewa mwaka 2017, ilikuwa na matundu yote mawili, la meno 60 na la meno 72. Ilitengenezwa kwa idadi ndogo na kwa bei ya juu sana, na singemshauri mwalimu mwenye watoto wa kusomesha aanze kuisaka.

Ushauri wangu ni huu: tafuta nakala ya kawaida ya Famicom yenye tundu la meno 60, mradi ni mpya. Mashine hizi zingali zinatengenezwa China, na ni za kizazi cha kaseti zako hasa, kwani kaseti za manjano zilitengenezwa zikikusudiwa mashine za namna hiyo. Ukiifungua utakuta pengine kibao kidogo chenye tone jeusi la gundi, na chini ya tone hilo kuna chipu moja iliyobeba kazi yote ambayo katika Famicom ya asili ilifanywa na chipu kadhaa. Sauti yake haitakuwa sawasawa na ya asili, na rangi nyekundu huweza kuvuja kidogo kwenye kingo za picha, lakini kaseti zako zina nafasi kubwa zaidi ya kukubali humo kuliko mahali pengine. Nenda dukani ukiwa umebeba kaseti mbili, moja ya michezo mingi na moja ya mchezo mmoja, na umwombe mwenye duka aziwashe mbele yako kabla hujalipa. Tazama pia nyuma ya runinga yako kama ina matundu ya waya wa manjano, mwekundu na mweupe. Runinga nyingi bapa za sasa zina tundu moja dogo la duara linalohitaji waya wa kuunganishia. Ukisharudi nyumbani, ibadilishe picha iwe ya uwiano wa 4 kwa 3, ili wahusika wasivutwe wakaonekana wanene kuliko mlivyowaona ninyi.

SWALI: Mhariri, ninaendesha chumba cha kuchezea gemu karibu na Section 58, Nakuru. Vijana huja kwa mpira wa PlayStation, lakini siku hizi watu wazima huniomba michezo ya zamani wakumbuke utoto wao. Nimeuziwa wazo la kununua vijiti vitano vya michezo elfu kumi na kutoza kwa dakika. Je, ni biashara halali, na kweli kuna michezo elfu kumi humo?

JIBU: Dada, nianze na hesabu, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Famicom, iliyotengenezwa mpaka mwaka 2003, ilipata michezo rasmi zaidi ya 1,000 katika uhai wake wote. Ukichanganya mifumo kadhaa unaweza kufikia idadi kubwa, lakini katika vijiti vya namna hii idadi hukuzwa kwa kurudia mchezo mmoja katika toleo la Japani, la Marekani na la Ulaya, na wakati mwingine katika matoleo yaliyobadilishwa rangi ya nguo za mhusika. Mteja wako atacheza michezo thelathini au arobaini anayoikumbuka, na hiyo iliyobaki ataipita.

Kuhusu uhalali, ninakuomba utenganishe mambo mawili ambayo wauzaji huyachanganya. Programu iigayo mashine ya zamani, kwa yenyewe, si kosa. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa nchini Marekani iliikatalia Sony katika kesi yake dhidi ya Connectix, kampuni iliyounda programu ya kuiga PlayStation, na mwaka 2018 Sony yenyewe ilipotoa PlayStation Classic yenye michezo 20 ilitumia ndani yake programu ya kuiga iliyoandikwa na watu wa kujitolea na kuachiliwa kwa umma. Tatizo liko kwenye michezo. Kila mchezo una mwenyewe, na Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, tangu mwaka 1993, kwa hiyo kazi za Wajapani na Wamarekani zinalindwa hapa kama zetu. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inazihesabu programu za kompyuta kuwa kazi zinazolindwa, na hata ukihesabu miaka 50 tu tangu mchezo kuchapishwa, mchezo wa mwaka 1983 bado haujaufikia ukomo huo. Mtu mwenye nakala halali anaruhusiwa kujiwekea nakala ya akiba. Hiyo haimpi ruhusa ya kuisambaza wala kuiuza. Wewe ungekuwa unatoza umma pesa kwa michezo elfu kumi ambayo aliyeinakili hakumlipa hata mmoja wa walioitengeneza. Kwa hiyo jibu langu kuhusu vijiti hivyo vitano ni hapana.

Nasema hivyo nikiwa na uchungu, maana najua upande wa pili wa jambo hili. Mwaka 2023 shirika la Video Game History Foundation lilitoa utafiti uliogundua kwamba asilimia 87 ya michezo ya vidio iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 haiuzwi tena kwa njia yoyote halali. Mtu anayetaka kuucheza mmojawapo lazima atafute kaseti ya zamani na mashine ya zamani, ama aingie kwenye nakala zisizoruhusiwa. Wenye haki hizo wameziacha kazi nyingi nzuri zioze ghalani, na wanapolalamika kwamba zinaibwa, ningependa kwanza wazirudishe dukani. Lakini mimi na wewe hatuwezi kufanya biashara juu ya tumaini hilo.

Njia safi zipo, ingawa ni nyembamba. Kampuni ya Blaze ya Uingereza hutengeneza Evercade, iliyoanza mwaka 2020 kama mashine ya mkononi, na mwaka uliofuata ikapata ya runinga iitwayo Evercade VS. Kaseti zake ni mpya, na kila moja hubeba mkusanyo wa michezo ya zamani ya kampuni tofauti iliyopewa leseni. Nintendo ilitoa NES Classic yenye michezo 30 mwaka 2016 na SNES Classic (SNES ndiyo Super Nintendo) yenye michezo 21 mwaka 2017, na Sega ikatoa Mega Drive Mini yenye michezo 42 mwaka 2019. Hizi tatu hazina tundu la kaseti, lakini michezo iliyomo ni halali na picha ni safi. Elewa tu kwamba kununua mchezo wa nyumbani si sawa na kuruhusiwa kuutoza umma. Waandikie Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, uwaeleze biashara yako ilivyo na uombe jibu la maandishi kabla hujaweka mtaji.

SWALI: Mhariri, mjomba wangu hapa Busia ametupatia bunduki ya plastiki ya mchezo wa kuwinda bata, pamoja na mashine inayoutumia. Mchezo unafunguka vizuri kwenye runinga yetu mpya, lakini hakuna bata anayeanguka, hata tukiigusisha bunduki na kioo. Je, bunduki imekufa?

JIBU: Huenda ni nzima kabisa. Mchezo huo, Duck Hunt wa mwaka 1984, haurushi chochote kutoka kwenye bunduki kwenda kwenye runinga. Mambo huenda kinyume. Ndani ya mtutu kuna kipande kinachohisi mwanga. Unapovuta kifyatulio, mashine huifanya skrini iwe nyeusi kwa muda wa picha moja, yaani takriban sehemu moja ya sitini ya sekunde, kisha huchora mraba mweupe mahali alipokuwa bata na papo hapo kuiuliza bunduki kama imeona mwanga. Wakiwa bata wawili, mraba huchorwa mmoja baada ya mwingine, na kwa mpangilio huo mashine hujua ni yupi uliyemlenga.

Runinga nene za zamani, zenye kisogo, zilichora mstari kwa mstari bila kuchelewa. Runinga bapa huipokea picha, huitayarisha na kuikuza, kisha ndiyo huionyesha, na kufikia wakati huo mashine imeshauliza swali lake na kujibiwa kwamba hakuna mwanga. Zaidi ya hayo, bunduki imetengenezwa ihisi mmemetuko wa mistari ya runinga za kisogo, ambayo ni zaidi ya 15,000 kwa sekunde, na runinga bapa hazimemetuki hivyo. Kuzima marekebisho yote ya picha kwenye runinga hakutakusaidia kwa bunduki hiyo.

Dawa ni runinga ya kisogo. Tangu matangazo ya analojia yalipozimwa nchini mwaka 2015 runinga hizo zimerundikana majumbani na kwa mafundi, na yoyote yenye tundu la waya wa manjano inafaa hata kama haipokei tena stesheni yoyote. Ukiipata iliyoharibika, usiifungue mwenyewe wala usimwachie mtoto aifungue: kioo chake huhifadhi umeme wa nguvu kubwa hata baada ya kuchomolewa. Kwa wanaotumia kompyuta iko bunduki ya Kiingereza iitwayo Sinden, inayotumia kamera na kufanya kazi kwenye runinga bapa, lakini haiunganishwi na mashine yenu ya kaseti.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa uhandisi hapa Kakamega. Nimejijengea mashine ya michezo ya zamani kwa Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya kibao kimoja, na mfumo wa RetroPie unaokusanya programu za kuiga mashine za zamani, na kaseti zangu chache za Mega Drive nimezinakili mwenyewe. Stima ikipotea, na kwetu hupotea mara nyingi wakati wa mvua, najikuta nimepoteza safari nzima ya mchezo ingawa niliihifadhi ndani ya mchezo wenyewe. Mara moja mfumo wote ulikataa kuwaka. Wenzangu wananiambia niachane na programu za kuiga nihamie FPGA. Je, itaniponya?

JIBU: Kijana, umepatwa na mambo mawili tofauti, na FPGA si tiba ya lolote kati yake.

La kwanza ni la kuhifadhi. Kaseti ya zamani ilipohifadhi safari yako iliandika moja kwa moja kwenye chipu yake ndogo ya kumbukumbu. RetroArch, programu inayofanya kazi kubwa ndani ya RetroPie, huiweka kumbukumbu hiyo kwanza katika RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayofutika umeme ukikatika, na kwa kawaida huiandika kwenye kadi pale tu unapoufunga mchezo kwa utaratibu. Umeme ukikatika kabla hujaufunga, uliyohifadhi yanapotea ingawa mchezo ulikuambia yamehifadhiwa. Ingia kwenye mipangilio ya RetroArch, katika sehemu ya kuhifadhi, utafute kipengele cha kuiandika kumbukumbu ya kaseti kila baada ya muda. Kwa kawaida kimezimwa. Kiweke sekunde kumi au thelathini. Ni jambo la dakika moja, na nimeona watu wazima wakikata tamaa na mashine zao kwa kutolijua.

La pili ni la kadi ya SD yenyewe. Kadi hizo huharibika umeme ukikatika wakati wa kuandika, na ndiyo maana mfumo wako ulikataa kuwaka. Nunua kadi ya kampuni inayoaminika, weka nakala ya mfumo mzima kwenye kompyuta nyingine, zima kwa menyu na si kwa kuchomoa, na ukiweza ununue kifaa kidogo cha betri cha kuipa Raspberry Pi dakika chache za kujizima. Betri za simu za kubebeka zinaweza kusaidia, lakini hakikisha yako haikatishi umeme hata kwa nukta moja inapohama kutoka kuchajiwa hadi kutoa.

Kuhusu FPGA, maelezo yake yanastahili nafasi. Programu ya kuiga ni kama mkalimani anayesoma amri za mashine ya zamani moja moja na kuzitekeleza kwa lugha ya mashine mpya. FPGA ni chipu iliyojaa maelfu ya vipande vya mantiki ambavyo havina kazi maalumu mpaka mtu avipange. Ukivipanga kwa kufuata mchoro wa mashine ya zamani, sehemu zote hufanya kazi kwa wakati mmoja, kichakataji, picha na sauti, kama zilivyofanya kwenye kibao cha asili. Mradi wa MiSTer, ulioanzishwa na Alexey Melnikov mwaka 2017, unatumia kibao cha DE10-Nano chenye vipande 110,000 vya namna hiyo, na ukipakia mpango mwingine kibao hicho hicho hugeuka kutoka Mega Drive kuwa Super Nintendo au kompyuta ya Commodore. Analogue nao wametoa Super Nt mwaka 2018, Mega Sg mwaka 2019 na Pocket ya mkononi mwaka 2021, zote zikipokea kaseti za asili.

Faida yake kubwa iko mkononi: unabonyeza na mhusika anaruka bila picha moja au mbili kupita katikati. Picha moja ni takriban milisekunde 16.7, na katika mchezo wa kuruka mashimo mchezaji mzoefu huihisi tofauti hiyo. Ila usidanganywe kwamba FPGA ni mashine ya asili iliyofufuka. Mpango wake umeandikwa na binadamu aliyechunguza chipu za zamani, na pale alipokosea kuelewa, FPGA hukosea kwa uaminifu ule ule. Programu ya kuiga iliyoandikwa kwa uangalifu huishinda FPGA iliyopangwa kwa haraka. Nawe ni mwanafunzi wa uhandisi. Kabla ya kununua kibao cha gharama, ningependa kwanza uone mipango ya MiSTer, ambayo imeachwa wazi kwa yeyote kuisoma. Kuusoma mpango wa Mega Drive, ukaona jinsi vichakataji vyake viwili, Motorola 68000 na Z80, vinavyogawana kazi ndani ya mashine moja, ni somo ambalo halitakugharimu chochote.

SWALI: Mhariri, shangazi yangu anarudi Bungoma kutoka Marekani na ameahidi kuniletea Super Nintendo yake ya zamani. Kuna tahadhari yoyote?

JIBU: Iko moja kubwa. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 240. Adapta ya zamani ya Super Nintendo ya Marekani ni transfoma nzito iliyokusudiwa volti 120 tu, na ukiichomeka ukutani hapa itaungua na huenda ikaondoka na mashine. Iache Marekani. Mashine yenyewe inahitaji volti 10 za mkondo mnyoofu (DC), miliampia 850, na plagi yake ina umbo lake la pekee, kwa hiyo tafuta adapta ya kisasa iliyotengenezwa kwa ajili yake na inayokubali volti 100 hadi 240. Kamwe usiazime adapta ya NES ya Marekani, ambayo hutoa mkondo geu (AC). Mashine za siku hizi zinazotumia USB hazina shida hiyo.

Picha yake ni ya mfumo wa NTSC, wa picha 60 kwa sekunde. Runinga bapa nyingi huipokea, lakini runinga ya kisogo ya zamani yenye PAL pekee, mfumo uliotumika kwetu na Ulaya, inaweza kuionyesha bila rangi. Na hilo la 60 ni bahati kwako, kwa sababu michezo mingi ya matoleo ya Ulaya ya picha 50 ilikwenda polepole kwa karibu asilimia 17 kuliko ilivyobuniwa.

SWALI: Mhariri, ninaishi Nakuru, Free Area. Kaseti zangu nazipuliza kwa mdomo kabla ya kuzichomeka, kama tulivyofundishana zamani, lakini sasa hazisomi hata nikipuliza mara kumi. Na moja ambayo zamani ilihifadhi safari yangu imeanza kusahau kila ninapoizima. Zimezeeka?

JIBU: Acha kupuliza leo hii, ndugu yangu. Sote tulipuliza, na kaseti ilikubali kwa sababu kuichomoa na kuichomeka upya kulisugua meno yake yakagusana vizuri. Pumzi yenyewe iliacha unyevu ambao taratibu hula shaba, na Nintendo wenyewe huwaonya watu wasifanye hivyo. Jina la Nakuru linasemekana kutokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na wenyeji wa Free Area hawahitaji kuambiwa sababu. Vumbi hilo likichanganyika na mate hutengeneza utando mgumu juu ya meno. Nunua kwenye duka la dawa alkoholi ya isopropili, ya asilimia 90 au zaidi ukiipata, ulowanishe kijiti cha pamba, na usugue meno pande zote mbili mpaka pamba itoke nyeupe. Huenda ukahitaji vijiti vitano au sita kwa kaseti moja. Subiri ikauke kabisa. Kisha safisha na tundu la mashine, kwa maana kaseti safi ikiingia kwenye tundu chafu utakuwa umerudi ulikoanzia. Wasomaji wa Kisumu, ambao adui yao ni unyevu wa ziwa kuliko vumbi, wazihifadhi kaseti ndani ya mfuko uliofungwa pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Kaseti inayosahau haijazeeka yenyewe. Ni betri yake. Michezo mingi iliyohifadhi safari ilitumia chipu ya kumbukumbu inayolishwa na betri ya duara, mara nyingi CR2032, iliyounganishwa kwenye kibao kwa risasi ya kuchomea, na betri ya miaka thelathini imekwisha kazi yake. Fundi yeyote wa simu mwenye mkono mtulivu anaweza kuibadilisha. Mwambie aweke betri yenye vibanzi vya chuma vilivyokwisha kuunganishwa kiwandani, asiichomee betri yenyewe kwa moto, na ahakikishe upande wa chanya umekaa palipokuwa chanya. Kama chipu hiyo ya kumbukumbu bado inashikilia safari ya mtu unayempenda, na betri haijafa kabisa, mwombe kwanza mwenye kifaa cha kusomea kaseti akutolee nakala ya safari hiyo, kwa kuwa betri ya zamani ikiachia tu, yote yaliyoandikwa humo yanafutika.